Mitambo Ileile, Ukumbi Mwingine: Namna ya Kupanga Sauti ya Bendi au Kwaya Ukumbini

Swali linalonifikia kutoka kwa mafundi mitambo wa Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Tukuyu huwa moja, limebadilishiwa nguo tu: "Jumamosi tulipima, sauti safi kabisa. Jumapili watu wamejaa, maneno hayasikiki, maiki zinalia, besi inanguruma kama lori linapanda mlima Kitonga. Ninunue spika za ukubwa gani?"

Mara nyingi jibu langu ni kwamba usinunue kitu. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu wa kawaida anaisikia kwa kubahatisha. Ili sauti isikike maradufu unahitaji nguvu karibu mara kumi. Na katika ukumbi wenye mwangwi, ukiongeza sauti umeongeza na mwangwi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo neno linabaki limezama palepale lilipokuwa.

Wanaofeli huanza na vitufe. Fuata mpangilio huu: kwanza ukumbi, kisha mahali pa spika, kisha maiki, na mixa mwisho. Ukirukia hatua ya saba bila kupita ya tatu utarudi tu, na utarudi watu wakiwa wameshakaa.

Vitu vya kuandaa

- Spika kuu mbili na stendi zinazofika mita 2
- Sabufa (spika ya besi), kama bendi ina gitaa la besi na dramu
- Mixa, na ikwalaiza ya vijiti 31, kila kijiti kikishusha au kupandisha masafa yake (mixa nyingi za kidijiti tayari zinayo ndani)
- Maiki, stendi zake, na monita (spika za waimbaji kujisikia jukwaani)
- Futi ya kupimia ya mita 10 au zaidi
- Simu yenye programu inayochora masafa ya sauti na nyingine inayopima desibeli
- Maputo manne au matano
- Mablanketi mazito, zulia kuukuu, kamba, mbao chache
- Tepu ya karatasi na kalamu ya wino mzito
- Daftari
- Mtu mmoja mwenye miguu isiyochoka. Huyu ni wa lazima kuliko sabufa.

Kabla hujawasha: baridi na umeme

Mwezi wa Juni au Julai, mitambo iliyolala kwenye gari huko Uyole au Makambako inakuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Ukiifungua ndani ya ukumbi uliojaa pumzi za watu, unyevu unaganda juu ya vyuma na saketi kama unavyoganda kwenye soda ya friji. Iache ndani ya makasha yake nusu saa ipate joto la ukumbi, ndipo ufungue na kuwasha.

Umeme wa mitambo uchukue kwenye soketi moja yenye ethi nzuri, au soketi zilizo kwenye laini moja, mbali na taa na feni. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, huo ni wa umeme wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), na mara nyingi umetokana na vifaa viwili vilivyochukua ethi sehemu mbili tofauti.

Hatari: wapo wanaoukata mguu wa ethi kwenye plagi ili mngurumo uishe. Mngurumo unaisha kweli, lakini siku kifaa kikivuja umeme, njia ya kwenda ardhini ni midomo ya mwimbaji aliyeshika maiki. Tumia kisanduku cha DI (kile kinachounganisha ala na mixa) chenye swichi ya kutenganisha ethi, na plagi iache kama ilivyotengenezwa.

Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunue yote. Ikibaki imejiviringisha huku inabeba mzigo mkubwa, inapata moto na kuyeyuka.

Na kama unategemea jenereta, kumbuka uko juu. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu yake. Jenereta ya kVA 5 ihesabu kama ya 4. Wengi wanailaumu amplifaya kwa kukata sauti dramu inapopigwa, kumbe jenereta ndiyo imeishiwa pumzi.

Hatua ya 1: Usikilize ukumbi ukiwa mtupu

Simama pale mwimbaji atakapokuwa. Mwenzako akae katikati ya ukumbi akirekodi kwa simu. Pasua puto. Rudia mara mbili, kisha sikilizeni rekodi na kuhesabu muda kutoka mlio hadi ukimya.

Sekunde moja au pungufu ni ukumbi rafiki kwa mahubiri na kwa bendi. Sekunde moja na nusu hadi mbili, kwaya isiyo na ala itafurahi, bendi itahangaika. Zaidi ya sekunde mbili na nusu, una kazi, na kumbi nyingi zetu ziko hapo: ukuta wa plasta, sakafu ya saruji au vigae, madirisha ya vioo, bati juu bila dari.

Sasa piga hesabu moja ndogo, maana ndani yake ndimo lilimo jibu la Jumamosi na Jumapili. Muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, gawa kwa jumla ya mita za mraba zinazomeza sauti. Chukua kanisa la mita 20 kwa 10, kimo mita 4, ujazo 800. Tuseme kuta, sakafu na paa kwa pamoja vinameza sawa na mita za mraba 35. Mwangwi ni sekunde 3.7. Waingize watu 150, kila mmoja akimeza kama nusu mita ya mraba hivi. Jumla inapanda hadi 110, mwangwi unashuka hadi kama sekunde 1.2.

Umeona? Watu ndio godoro la ukumbi. Ila godoro hili linameza milio ya kati na ya juu kuliko besi, ndiyo maana Jumapili besi inanguruma juu ya maneno; tutarudi hapo hatua ya 8. Na Julai wanapokuja na makoti, masweta na mashuka wanameza zaidi. Ulichokipima Jumamosi usiku kilikuwa ukumbi mwingine kabisa, kwa hiyo usikipime tena kwa kutafuta mpangilio wa mwisho. Kipime kutafuta ubaya wa ukumbi uko wapi.

Tembea ukipiga makofi. Ukisikia "tra-ra-ra-ra" kali, uko kati ya kuta mbili tupu zinazorushiana sauti. Weka alama ya tepu. Geuka uelekee ukuta wa nyuma, piga kofi moja. Likirudi kama kofi la pili lililo peke yake, huo ukuta ndio adui wa kwanza.

Mwisho wa hatua hii, jaribio la maneno. Mtu asimame mbele, bila maiki kwanza, asome maneno kumi yanayofanana: kaka, paka, taka, saka, shaka, pata, bata, data, kata, tata. Ayachanganye. Wewe kaa kiti cha mwisho ukiandika unachosikia. Mwangwi hauli irabu, unakula konsonanti. Ndiyo maana watu husema wanasikia sauti lakini hawaelewi. Andika ulipata mangapi. Tutarudi kwenye jaribio hili.

Hatua ya 2: Ufunge mdomo ukuta wa nyuma

Pesa kidogo uliyonayo ianzie ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na spika. Ndio unaorudisha sauti jukwaani ikiwa imechelewa, mpiga dramu anapotea mapigo, na maiki zinaipokea mara ya pili.

Tundika mablanketi mazito au mapazia yaliyokunjwa mikunjo, kitambaa kiwe na upana mara mbili ya eneo linalofunikwa. Usikibandike ukutani. Kiache umbali wa sentimita 10 hadi 15. Wimbi la 500 Hz lina urefu wa karibu sentimita 69, na kitambaa kinalikamata vizuri zaidi kinapokaa robo ya urefu huo kutoka ukutani. Kitambaa kilichogandamana na plasta kinameza milio mikali tu, ukumbi unabaki na uzito wa chini, sauti inakuwa kama ya mtu aliyefunikwa ndoo.

Kama mnataka kitu cha kudumu, fundi seremala akutengenezee fremu za mbao za paini za Mafinga, inchi moja kwa sita, ili ndani upate kina cha sentimita 15. Jaza blanketi kuukuu au mabaki ya sponji kutoka kwa mafundi sofa, funika kwa gunia la katani lenye matundu au kitenge chepesi kinachopitisha pumzi. Jaribu kupuliza kitambaa: pumzi ikipita, sauti itapita. Turubai na nailoni hazifai kufunika.

Pembe za ukumbi ndipo besi inapokusanyika. Magunia ya mabaki ya nguo yaliyopangwa kutoka chini hadi kimo cha mtu hufanya kazi pale ambapo pazia haliwezi.

Trei za mayai sasa. Nimeingia vyumba vya kurekodia, Mwanjelwa na kwingineko, vimefunikwa trei kutoka sakafu hadi dari. Zinapunguza kidogo ukali wa juu na kuvunja makofi, lakini kwa besi na sauti ya binadamu ya chini hazifanyi lolote la maana. Kula mayai, trei rudisha dukani.

Hatari: sponji na trei zinashika moto haraka, na moshi wa sponji unaua kabla ya moto. Usiziweke karibu na mishumaa, taa za moto, wala mlango wa kutokea.

Dirisha lililofunguliwa linameza sauti yote inayolifikia, haliirudishi. Ni dawa ya bure, ila Mbeya ya Julai hakuna atakayekuruhusu. Kumbuka tu: madirisha yakifungwa kwa sababu ya baridi, ukumbi umebadilika tena.

Hatua ya 3: Spika mahali pake

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Ilikuwa harusi, ukumbi mmoja Iringa mjini, mrefu na mwembamba kama behewa. Nilisukuma spika mbili kwenye kona za mbele ili zisizuie kamera, nikazielekeza moja kwa moja mbele. Mshereheshaji alipoanza kuita wazazi, hakuna aliyesimama. Akaita tena. Shangazi mmoja akaja taratibu mpaka kwenye mixa, akainama: "Kamwene, mwanangu. Tunasikia unasema. Hatusikii unachosema." Nikapandisha feda, kile kitelezi cha sauti kwenye mixa. Akanitazama kwa huruma akarudi kukaa.

Kosa lilikuwa hili: nusu ya sauti ilikuwa inagonga kuta za pembeni kabla ya kufika sikioni kwa mtu yeyote, na kona zilikuwa zinavimbisha besi juu ya maneno. Spika iliyo wazi ikisogezwa ukutani inapata nyongeza ya besi, na ikiingia konani inapata zaidi. Nyongeza hiyo haikuombwa.

Fanya hivi:

1. Toa spika kwenye kona, angalau mita moja kutoka ukuta wa pembeni na wa nyuma.
2. Zipandishe hadi pembe ya sauti kali iwe juu ya vichwa vya waliosimama, kama mita 2. Mwili wa mtu unazuia milio mikali. Spika iliyo kwenye meza inawahudumia mstari wa kwanza tu, tena vifuani mwao.
3. Zigeuze kidogo ndani. Simama nyuma ya spika, tazama inakoelekea kama unavyolenga kwa manati: shabaha iwe watu walioketi theluthi mbili ya ukumbi, siyo ukuta. Kama stendi ina kichwa kinachoinama, inamisha.
4. Zikae mbele ya maiki zote. Hakuna maiki inayopaswa kuiona sura ya spika kuu.

Ukumbi ukiwa mrefu kupita mita 15 hivi, usilazimishe spika za mbele zifike nyuma. Chukua mbili ndogo, zitundike katikati ya ukumbi, sauti ya chini. Hizi lazima zicheleweshwe, maana umeme unafika kwenye waya papo hapo lakini sauti hewani inakwenda mita 343 kwa sekunde, na kwenye baridi ya nyuzi 10 inashuka hadi kama 337. Kila mita ni karibu milisekunde 2.9. Spika ndogo zikiwa mita 15 kutoka zile kuu, chelewesha milisekunde 44, kisha ongeza 10 hadi 15. Nyongeza hiyo inafanya sikio liamini kwamba sauti yote inatoka jukwaani.

Umefaulu ikiwa umecheza wimbo unaoujua vizuri kwa sauti ya maongezi, ukatembea kutoka mbele hadi nyuma, na kila kiti kinapata konsonanti. Rudia jaribio la maneno kumi, safari hii kwa maiki. Chini ya nane kiti cha mwisho, usiguse ikwalaiza. Rudi ugeuze spika.

Hatua ya 4: Besi

Mwombe mpiga besi apige nyuzi zake nne wazi, moja moja, polepole, kwa nguvu moja. Kwa gitaa la kawaida ni 41, 55, 73 na 98 Hz. Kisha apande noti kwa noti. Wewe tembea.

Kuna noti itavimba na kutetemesha vioo, na nyingine itapotea kama haijapigwa. Mpiga besi hana kosa. Ukumbi wenye dari ya mita 3 unavimba karibu na 57 Hz, kwa sababu wimbi la hapo linaingia mara moja kamili kwenda na kurudi kati ya sakafu na dari. Hapo ni karibu na uzi wa pili, ule wa 55 Hz. Zidisha kimo kwa mbili, kisha gawa 343 kwa jibu hilo, utapata namba ya ukumbi wako. Fanya hivyohivyo kwa upana.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha sabufa. Isogeze nusu mita, sikiliza tena. Sabufa mbili zilizotengwa kushoto na kulia mara nyingi huleta mkanda mzito katikati na mashimo pembeni. Ziweke pamoja sehemu moja uone. Noti ikizidi kubaki, punguza masafa hayo kwa desibeli 3 hadi 6 kwa upana mwembamba. Noti iliyopotea usiijaze kwa ikwalaiza, utachosha sabufa bila faida.

Hatua ya 5: Jukwaa, maiki na monita

Kwenye ukumbi mdogo, sauti ya jukwaani ndiyo inayoharibu sauti ya watu. Amplifaya ya gitaa iliyo sakafuni inapiga magoti ya mpigaji mwenyewe, hajisikii, anaongeza. Iinue kwenye kiti au iinamishe ielekee sikio lake. Atapunguza mwenyewe bila kuombwa, na hamtagombana.

Dramu iweke juu ya zulia, blanketi nyuma yake. Kwa watu chini ya 150 ndani ya kuta nne haihitaji maiki, labda ile ya teke tu, inayopigwa kwa mguu. Matarumbeta yasipewe maiki kabisa. Mnaotumikia makanisa ya huku mnajua: matarumbeta sita hufika barabarani bila umeme.

Kuhusu maiki, nguvu ya bure ni umbali. Maiki ikitoka sentimita 20 kutoka mdomoni ikaja 5, sauti inapanda karibu desibeli 12 kabla hujagusa chochote. Hiyo ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara kumi na sita, na haili mafuta ya jenereta. Mfundishe mwimbaji aikaribishe maiki, na asiifunike kichwa kwa kiganja kama wanavyofanya kwenye video. Akifunika, maiki inapoteza mwelekeo wake na kuanza kusikia pande zote, pamoja na monita.

Mahali pa monita panategemea aina ya maiki. Maiki ya kawaida ya kuimbia, kama Shure SM58, ni kiziwi nyuma kabisa. Monita ikae mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki. Zile zenye mwelekeo mwembamba zaidi, kama Beta 58A, husikia kidogo nyuma na ni viziwi kwenye pembe ya kama nyuzi 120 kutoka mbele. Kwa hizo monita ziwe pembeni, kushoto na kulia.

Kwaya ya watu 20 usiwape maiki sita. Maiki mbili, kila moja mbele na juu kidogo ya mstari wa nyuma. Kanuni: umbali kati ya maiki na maiki uwe mara tatu ya umbali wa maiki na waimbaji wake. Zikisogeleana, sauti moja inaingia kwenye mbili kwa nyakati tofauti na inakonda. Na kila maiki inayowashwa inapunguza nafasi uliyonayo kabla ya mlio kuanza, kwa hiyo iliyolala izimwe.

Hatua ya 6: Geini

Hii ni fupi. Feda zote chini. Kila mmoja aimbe au apige kwa nguvu ya kweli, siyo "moja, mbili, moja, mbili" ya aibu. Bonyeza PFL (kitufe cha kupima chaneli moja kabla ya feda), pandisha geini, yaani nguvu ya sauti inapoingia kwenye mixa, mpaka mita ya mixa icheze kwenye sifuri na kilele kiguse +6. Taa nyekundu isiwake. Kisha feda ipande hadi alama yake ya sifuri.

Bonyeza kitufe cha kukata besi, kile cha 80 au 100 Hz, kwenye kila maiki isipokuwa ya dramu ya teke. Waimbaji wachache sana hufika huko chini; kinachoingia zaidi ni vishindo vya jukwaa, upepo na besi ya jirani.

Hatua ya 7: Kuwinda mlio kwa irabu

Maiki inapolia, wengi wanakimbilia kushusha feda, kisha wanapandisha, kisha inalia tena. Mlio una namba. Ukiijua, unaondoa kidogo sana na sauti inabaki nzima.

Lugha yetu imetupa kipimo. Irabu tano za Kiswahili zimepangana kwa masafa namna hii, kila moja takribani maradufu ya iliyotangulia:

- U: karibu 250 Hz
- O: karibu 500 Hz
- A: karibu 1,000 Hz
- E: karibu 2,000 Hz
- I: karibu 4,000 Hz

Sikiliza mlio uukute unataja irabu gani. "Uuuu" la shimoni, nenda kijiti cha 250. "Aaaa" la puani, nenda 1,000. "Iiii" la kutoboa sikio, nenda 4,000 na majirani zake. Programu ya simu ithibitishe, lakini baada ya wiki tatu hutaihitaji.

Sasa winda. Maiki zote zikiwa wazi, pandisha feda kuu polepole mpaka mlio wa kwanza uanze kujitokeza. Shusha kijiti chake desibeli 3. Pandisha tena, mlio wa pili, shusha. Rudia mpaka mara nne, tano ikibidi. Hapo simama, kisha rudisha feda kuu chini kwa desibeli 6 ili ubaki na akiba. Fanya hivyohivyo kwa monita, kila moja peke yake.

Onyo: vaa vizibo vya masikio au kaa pembeni ya spika, na usiwinde watu wakiwemo. Kama vijiti kumi vimeshuka, ikwalaiza inakuambia spika au monita imekaa vibaya. Virudishe vyote sifuri, rudi hatua ya tatu na ya tano.

Umefaulu ikiwa mtu anaweza kutembea jukwaani nzima na maiki mkononi, ila mbele ya spika kuu, bila mlio wowote.

Hatua ya 8: Watu wakiingia

Uliyoyapanga yatasogea, na yatasogea kwa namna unayoweza kutabiri. Ukumbi ukijaa, mwangwi wa kati na wa juu unashuka haraka kuliko wa besi. Utahisi sauti imekufa juu na besi imebaki peke yake. Usipandishe kila kitu. Shusha sabufa desibeli 2 au 3, ongeza kidogo sana kuanzia 3,000 Hz kwenda juu, na ile rivabu (mwangwi wa kutengenezwa) uliyoweka kwenye mixa ukumbi ukiwa mtupu unaweza sasa kuifungulia kidogo.

Ala nazo zinahama. Ukumbi ukipanda nyuzi 10 za joto, matarumbeta na filimbi hupanda karibu theluthi ya nusu toni, nyuzi za gitaa hulegea, na kinanda cha umeme kinabaki palepale. Omba dakika mbili za kupatanisha baada ya wimbo wa pili. Mwalimu wa kwaya atakuudhikia leo na kukushukuru wiki ijayo.

Mvua ikipiga bati, kubali. Tukuyu wanajua. Hakuna spika itakayoshinda bati kwa usalama wa masikio. Washa zile za katikati, mwache mpiga kinanda acheze, mhubiri angoje.

Programu ya desibeli iwe mezani. Desibeli 85 sikio linavumilia saa nane. Kila 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu. Kwa 100 ni dakika 15 hivi. Wewe fundi unakaa hapo kila wiki.

Mkitoka uwanjani

Nje hakuna mwangwi wa kukusaidia wala kukuumiza. Sauti inapungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili, basi pandisha spika juu na wasogeze watu karibu. Upepo wa Makambako ukivuma kutoka kwa watu kuja jukwaani unakunja sauti kwenda mawinguni. Geuza jukwaa upepo utoke nyuma yako. Jioni hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti inakunjwa kurudi chini na kusafiri mbali. Mkutano uliosikika vizuri saa kumi, saa mbili usiku unaamsha kijiji cha ng'ambo ya bonde. Shusha sabufa jua linapozama, kabla mwenyekiti wa mtaa hajafika.

Daftari

Piga picha ya mixa na ikwalaiza, kisha andika. Ukurasa wangu wa ukumbi mmoja wa Mbeya unasema hivi: "Mtupu sek 3, watu 200 sek 1.4. Spika m 1.2 toka ukuta, zimeinama. Sabufa kushoto, siyo kona. U imeshushwa 3, A imeshushwa 4. Uzi wa pili unavimba. Dirisha la tatu kulia halifungi, linapiga kelele besi ikizidi. Kipande cha kandambili kimewekwa. Soketi ya nyuma haina ethi, USITUMIE."